Dawa Hai ya Wadudu na Mvua: Somo la Shamba na la Uaminifu



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tuna mzazi au mjomba anayelima mahindi kwa kutegemea mvua. Katika fiqhi ya zaka tunamjua vizuri: mazao yake yakifika nisabu hutoa moja ya kumi, ilhali anayemwagilia kwa gharama hutoa nusu ya hiyo. Lakini mvua hiyo hiyo inayompunguzia gharama ndiyo inayomwoshea dawa. Viwavijeshi vamizi waliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na hapa Uganda hushambulia mahindi katika misimu ambayo mvua nayo hainyamazi: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba.

Dawa hai ni nini?

Ni dawa ambayo kiini chake ni kiumbe hai, si sumu ya kiwandani. Mfano mashuhuri ni bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt. Hubeba chembe za protini ambazo kiwavi akizila huyeyuka katika utumbo wake wenye alkali na kuutoboa. Huacha kula ndani ya saa chache, kisha hufa baada ya siku kadhaa. Kumbuka neno "akizila". Dawa iliyooshwa ikaanguka chini haina kazi, kwa sababu kiwavi halili udongo.

Mfano wa pili ni kuvu aina ya Metarhizium, ambayo hupenya ngozi ya mdudu. Baada ya baa la nzige la miaka ya 1980, watafiti waligundua kwamba mbegu za kuvu hii zikichanganywa na mafuta badala ya maji matupu hushika vizuri zaidi kwenye mwili wa nzige na kustahimili ukavu. Mwaka 2009 shirika la FAO lilitumia dawa hiyo dhidi ya nzige wekundu huko Tanzania, zikiwemo nyanda za Ziwa Rukwa.

Namna ya kuifanya ishike

Jani la mhindi au kabichi lina nta inayolifanya tone la maji liteleze. Kwa hiyo kuna kazi mbili, tusizichanganye: kutandaza na kugandisha. Sabuni kidogo ya maji hutandaza dawa, lakini peke yake haigandishi. Ikizidi, husaidia mvua kuiosha. Kinachogandisha ni wanga, molasi au mafuta ya kupikia yaliyochanganywa vizuri na sabuni.

1. Pika uji mwepesi sana wa wanga wa muhogo. Uache upoe kabisa, kwani joto huua viumbe wa dawa. Uchuje kwa kitambaa usije ukaziba pua ya bomba.

2. Pima dawa kama lebo inavyoelekeza, ichanganye na maji safi, kisha tia uji. Usitie majivu. Majivu yana alkali, na alkali kali huanza kuyeyusha chembe za Bt kabla hazijaliwa.

3. Pulizia jioni, majani yakiwa makavu na wingu la mvua halipo. Dawa ipate muda wa kukauka, nayo iepuke jua, maana mwanga wa jua huiharibu hata pasipo mvua.

4. Elekeza kwenye moyo wa mhindi, anamojificha kiwavi. Humo matone ya mvua hayapigi moja kwa moja. Wahi viwavi wakiwa wadogo. Wakubwa ni wagumu kufa.

5. Jaribu. Pulizia mistari miwili, mmoja kwa dawa yenye uji na mwingine isiyo nao. Mvua ikishanyesha, hesabu viwavi hai kila mstari kwa siku kadhaa. Mvua kubwa ikinyesha kabla dawa haijakauka, rudia. Hakuna gundi inayoshinda kila mvua.

Uaminifu katika bidhaa

Hapa ndipo somo linapotugusa sisi wanafunzi, kwani wapo wanaotaka kutengeneza na kuuza dawa kama hizi. Tunasoma katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu ndani. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akakemea udanganyifu.

Basi anayeandika kwenye chupa "haioshwi na mvua" bila kuipima ameficha unyevu chini ya rundo. Mkulima atamwamini, hatarudia kupulizia, na msimu utampita akiwa na watoto wa kulisha. Aliyejaribu aandike alichokiona: imestahimili manyunyu, haikustahimili mvua kubwa. Kufunga ngamia kwanza, kisha kutawakali, ni pamoja na kupima kamba yenyewe.

Maswali ya darsa

1. Ikiwa dawa imeuzwa kwa sifa isiyo nayo, mnunuzi ana haki gani katika mlango wa khiyari ya aibu?

2. Je, gharama ya dawa hupunguzwa kabla ya kutoa zaka ya mazao? Tazama maoni ya madhehebu mbalimbali.

Wabillahi tawfiq.