Ganzi ya mikono haitoki kwa wembe

SWALI: Daktari, mimi ni afisa ugani wilaya ya Bahi, umri miaka 43. Tangu 2022 natumia pikipiki ya kazi kuzungukia vijiji, na barabara zetu unazijua. Huu mwezi wa saba mikono inakufa ganzi, hasa wa kulia, na usiku naamka nikiukung'uta. Nataka kubadilisha usukani. Nimeona pikipiki kubwa za watalii pale Dodoma mjini, usukani wake mpana na umeinuka, nikaona huenda ndiyo dawa. Ninunue wa aina gani? Halafu kuna mzee alinichanja chale kwenye kifundo cha mkono ili damu iliyoganda kwa baridi itoke, akaniambia niwe naloweka mkono kwenye maji ya moto yenye chumvi. Nilipata nafuu, anataka nirudie. Nirudie? – Msomaji, Bahi.

JIBU: Usirudie. Usukani nitakujibu, tena kwa kirefu, maana umeuliza jambo la maana ambalo wengi huishia kumuuliza fundi tu. Ila wembe kwanza.

Habari hii ya damu kuganda kwa baridi naisikia mwaka mzima, na ikifika Juni na Julai, upepo wa Dodoma unapopenya hata chini ya mlango, ndiyo huzidi. Kijana wa bodaboda kutoka Nkuhungu, dereva wa lori la Singida, mama anayekamua nguo za watu kutwa: wanakuja na vifundo vilivyochorwa mistari mitatu mitatu na maelezo yaleyale. Baridi imeingia, damu imelala, lazima itolewe. Ndugu yangu, damu ikiganda kweli kwenye mshipa wa mkono, huamki ukaukung'uta kisha ukajifunika tena shuka. Vidole hubadilika rangi, maumivu huwa makali ndani ya saa chache, na watu wa nyumbani ndio wanaokubeba kukupeleka hospitali. Ganzi inayokuja na kuondoka kwa miezi saba, ikizidi usiku na ukiwa umeshika usukani, kwa kawaida ni ya neva iliyobanwa. Hakuna damu ya kutoa pale.

Unasema ulipata nafuu. Nakuamini kabisa. Sasa kumbuka siku ile na zile zilizofuata: ulipanda pikipiki? Mtu mwenye kifundo kibichi kilichopakwa unga wa dawa haendi Mundemu na kurudi. Ulikaa nyumbani, mkono ukapumzika, neva ikaachiwa. Mzee akapokea shukrani za mapumziko. Uliporudi barabarani ganzi nayo ikarudi, na leo unaambiwa chale haikutosha, iongezwe.

Kifundo cha mkono nacho ni mahali pabaya sana pa kuchezea wembe. Neva inayotoa hisia za gumba na vidole viwili vinavyofuata inapita hapo, haiko mbali na ngozi, imezungukwa na kano zinazokunja vidole. Mkono wa mchanjaji ukiteleza kidogo, unaweza kuondoka na ganzi ya kudumu mahali ulipokuwa na ganzi ya muda. Kidonda kikiingia uchafu, usaha husafiri kwenye ala za kano hadi kiganjani, na hapo tunazungumzia chumba cha upasuaji. Halafu kuna swali ambalo hukuliandika: wembe ule ulikuwa mpya? Virusi vya homa ya ini B huweza kubaki na uwezo wa kuambukiza kwenye damu iliyokauka kwa siku 7. Ukimwi unaujua, pepopunda unaijua. Kwa kuwa umeshachanjwa, ukienda kliniki omba upimwe homa ya ini na VVU, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Usione haya kusema sababu.

Najua nazungumza na watu wa nyanda ambazo chale ni sehemu ya maisha. Wazee wengi wa Kigogo wana alama kwenye paji la uso, na ukiwauliza, wengine watakuambia walichanjwa utotoni kwa ajili ya macho. Siwacheki, mzazi alitumia alichokuwa nacho. Lakini tazama Kongwa, hapo jirani, ambako ugonjwa wa macho wa trakoma umechunguzwa kwa miongo kadhaa. Yaliyoonekana kusaidia ni kunawisha watoto uso, vyoo, dawa ya azithromycin iliyogawiwa kijiji kizima, na upasuaji mdogo wa kope kwa waliokwisha kuharibika. Paji la uso halikuhusika. Watoto walichanjwa na wengine wakawa vipofu vilevile, na kwa mikono tunarudia kosa hilohilo.

Maji ya moto nayo yananikera kuliko wembe, kwa sababu yanaonekana hayana madhara. Mkono wenye ganzi haujui joto. Unauingiza kwenye beseni, hausikii kitu, unaongeza maji, unajiona mvumilivu, na asubuhi vidole vimefura malengelenge. Nimeshughulikia mikono iliyoungua hivyo mpaka ncha ya kidole ikaondolewa. Ukitaka kuupasha mkono moto, maji ya uvuguvugu yanatosha, na ayapime mtu mwingine kwa mkono wake mzima. Sijui chumvi iliingiaje kwenye dawa hii.

Kuna jambo la tatu ambalo hukulitaja, ila nalihisi. Vile vidonge vidogo vya kwenye bahasha ya kaki, visivyo na jina, vinavyouzwa kama dawa ya mifupa na baridi. Mara nyingi ndani yake kuna deksamethasoni au prednisoloni. Hutuliza uvimbe haraka, ndiyo maana zinapendwa. Vilevile hupandisha sukari, na kisukari ni sababu mojawapo kubwa ya ganzi. Mtu anameza dawa ya ganzi inayomwongezea ganzi. Kama unavimeza kila siku kwa wiki kadhaa, usiviache ghafla pia. Mwone daktari akupunguzie.

Anatomia sitakuchosha nayo. Angalia vidole tu. Ganzi ya gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete inatoka kifundoni. Ya kidole kidogo na nusu ya pili ya cha pete inatoka kwenye kiwiko, au kwenye kitako cha kiganja pale unapoegemea usukani. Ikiwa ni vidole vyote, na nyayo zimo, usukani hauna kesi: pima sukari, na umweleze daktari kama unakunywa pombe sana, unameza metformini, au uliwahi kupewa isoniazidi.

Sasa tuje kwenye pikipiki. Inakuumiza kwa njia mbili, mtetemo na mkao. Mtetemo ni habari ya zamani: mwaka 1918 daktari wa Marekani, Alice Hamilton, aliwachunguza wachonga mawe wa Indiana waliotumia nyundo za upepo, akakuta vidole vyao vinageuka vyeupe na kufa ganzi, zaidi wakati wa baridi. Kwa ngozi yetu utauona weupe huo kwenye kucha na upande wa kiganja. Mzee wako alipata chembe ya ukweli hapo, kwamba baridi huzidisha. Ila huzidisha kwa kukaza mishipa iliyokwisha kuchokozwa na mtetemo, na tiba yake ni glovu.

Kuhusu zile pikipiki kubwa. Wengi wanaozipanda wanapita kwenye ile njia ndefu ya Arusha, Kondoa, Dodoma hadi Iringa, na usukani wao umeinuliwa ili mtu aweze kusimama kwenye vikanyagio kwenye njia mbovu bila kupinda mgongo. Wewe umekaa kutwa, unashuka kila shamba. Ukifunga usukani mrefu hivyo kwenye pikipiki ndogo, mabega yatapanda, kifundo kitapinda kwa nyuma, na neva itabanwa vilevile, safari hii pamoja na shingo. Mpana kupita kiasi nao unanyoosha viwiko vikakakamaa, na kiwiko kilichokakamaa hupeleka kila shimo moja kwa moja hadi begani.

Kabla hujanunua chochote, fanya jambo lisilo na gharama. Kaa kwenye pikipiki kwa mkao wako wa kawaida, fumba macho, nyoosha mikono mbele kama unashika usukani, kisha fumbua. Tazama mikono ilipotua na usukani ulipo. Mara nyingi tofauti ni ndogo, na fundi anaimaliza kwa kulegeza vishikizo, kuuzungusha usukani kidogo na kuvikaza tena. Mikono ya breki na ya klachi nayo inazungushwa, mpaka vidole vikiwa juu yake, mgongo wa kiganja na mkono hadi kiwiko viwe mstari mmoja. Pikipiki nyingi ninazoziona nje ya kliniki zina mikono hiyo imeinuka mno, na mwenyewe anaikunja klachi huku kifundo kimevunjika kwa nyuma, mara mia kwa safari moja.

Ikibidi kununua, chukua usukani wenye upana unaokaribiana na wa awali, ulioinuka kidogo tu, ncha zake zikiwa zimerudi nyuma upande wako. Pima unene. Wa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 22 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ule mnene wa pikipiki kubwa una milimita 28.6 katikati na hauingii kwenye vishikizo vyako bila kuvibadilisha. Wa chuma unatosha, na ukianguka hupinda kabla ya kukatika. Wa aluminiamu ni mwepesi, lakini ukishapinda usinyooshwe, tupa. Ukiinua usukani, waya wa mafuta, waya wa klachi na mpira wa breki lazima vifike. Washa injini, kata kona hadi mwisho kulia na kushoto: mngurumo ukipanda wenyewe, waya ni mfupi, na siku moja pikipiki itakuvuta kwenye kona bila kuulizwa. Omba pia vile vizibo vizito vya kwenye ncha, vinapunguza mtetemo. Mipira ya kushikia iwe laini bila kuwa minene sana, kwa sababu kitu kinene hukulazimisha kukaba zaidi. Na hakikisha shokapu na upepo wa tairi havina tatizo, maana mara nyingine usukani unasingiziwa.

Usikubali vipande vya bomba vichomelewe ili usukani urefuke. Sijali fundi ni hodari kiasi gani. Alama ya kuchomelea hupasuka ndani kwa ndani kwa mtetemo, na inakatika siku unapofunga breki kwa nguvu. Wanaofikishwa kwetu baada ya hapo hawaji kwa ajili ya ganzi. Tena pikipiki yenyewe kama namba yake inaanza na SM, si yako. Zungumza na halmashauri kabla hujafungua nati hata moja.

Haya yote hayakupi ruhusa ya kusubiri spea. Miezi saba! Wewe ni mtumishi wa umma, asilimia 3 ya mshahara wako inakatwa kwa ajili ya bima ya afya, na miezi hiyo yote hukuitumia, ukamlipa mchanjaji taslimu. Unawafundisha wakulima wa mpunga wasisubiri mdudu amalize jani ndipo waje ofisini kwako, mkono wako ukausubirisha. Neva iliyobanwa kwa wiki chache hupona kwa kupumzishwa na kufungwa kigango kinachonyoosha kifundo usiku, kwa kawaida kwa wiki 6. Ikichelewa kidogo kuna sindano ya kifundoni, mahali pa daktari anayejua anapochoma. Ikichelewa zaidi ni upasuaji mdogo wa ganzi ya sehemu, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ikichelewa sana, nyama ya chini ya gumba inaliwa, na hapo hata upasuaji mzuri hauirudishi yote. Weka viganja vyako viwili pamoja sasa hivi uvilinganishe. Kama kilima cha gumba la kulia kimebonyea, usimalize wiki hii bila kuonwa.

Nenda haraka pia ukianza kuangusha vitu, ukiungua au kukatwa bila kusikia, au ukiona baka kwenye ngozi lisilohisi hata ukilichoma na mwiba. Baka la namna hiyo lipimwe ukoma. Ndiyo, ukoma, Hombolo hapa Dodoma wamewahudumia wagonjwa wake kwa miaka mingi, na bado wapya wanapatikana nchini. Dawa zake ni za bure, za miezi 6 au 12 kulingana na aina, na zikianza mapema vidole vinabaki salama. Ganzi ikija ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda au maneno yakakwama, hiyo ni kiharusi, unapelekwa hospitali saa hiyohiyo.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Watakupima sukari kwa tone la damu, watakugusa vidole kwa pamba, watakukunja kifundo kwa dakika moja na kukigonga kuona kama ganzi inaruka. Ikihitajika watakuandikia rufaa ya Hospitali ya Mkoa au ya Benjamin Mkapa. Usiruke hatua ukaenda moja kwa moja, bima itakusumbua. Beba kadi, na beba kila dawa uliyoimeza tangu ganzi ianze, pamoja na ile bahasha ya kaki.