Barua Pepe Isipofika, Soma Namba Kabla ya Kutuma Tena

Umemtumia mnunuzi wa kakao aliyeko Kampala orodha ya bei. Siku mbili zimepita, kimya. Usimlaumu, wala usitume tena mara tano. Tafuta kwanza barua imekwama wapi. Kazi hiyo haina malipo, utatumia mega chache tu.

Je, imetoka kwenye simu yako? Fungua Gmail, gusa mistari mitatu iliyo juu, kisha ingia panapoandikwa Boîte d'envoi, yaani sanduku la barua zinazongoja kutoka. Ukiikuta barua humo, bado haijasafiri: mega zimeisha, au mtandao ni dhaifu. Angalia pia uzito wa picha ulizoambatisha, kwa maana kikomo cha Gmail ni MB 25 kwa barua moja.

Imetoka, lakini iko wapi? Barua hupitia kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea na kupeleka barua mchana na usiku. Seva ya mwenzako isipoitika, ya kwako huiweka barua kwenye foleni, kama lori linalongoja forodha pale mpakani Kasindi. Hujaribu tena baada ya dakika kadhaa, kisha kwa vipindi virefu zaidi. Seva nyingi huvumilia hadi siku 5, nyingine chini ya hapo. Muda ukiisha, barua hurudi kwako.

Taarifa ya kurudishwa isomwe vipi? Huja kwa jina la Mail Delivery Subsystem au Mailer-Daemon, na wengi huifuta bila kuisoma. Ndani yake mna namba. Ikianza na 4, tatizo ni la muda: ngoja, seva itajaribu yenyewe, ila kama taarifa inasema muda wa kujaribu umeisha, tuma tena. Ikianza na 5, umekataliwa: ukituma vilevile utakataliwa tena. 5.1.1 maana yake anwani hiyo haipo. Ihakiki herufi kwa herufi. 5.2.2 maana yake sanduku la mwenzako limejaa. Gmail hutoa GB 15 bure, na picha anazohifadhi Google huhesabiwa humo humo. Mpigie simu afute vitu. Namba zinazoanza na 5.7 zinahusu usalama: seva ya mwenzako haikuamini.

Kama seva ni ya shule, hospitali au kampuni yenu? Kwenye seva inayotumia programu ya barua iitwayo Postfix, fundi aandike `mailq`. Ataona barua zinazongoja na sababu ya kila moja. Aondoe sababu kwanza, ndipo aandike `postqueue -f` ili zisukumwe. Barua zote zikikwama, akague intaneti, nafasi kwenye diski, na mlango (port) namba 25 unaopitisha barua kati ya seva, ambao baadhi ya watoa intaneti huufunga. Akikuta maelfu ya barua ambazo hakuna aliyeziandika, asizisukume: huenda mtu ameiba neno la siri. Libadilishwe mara moja, kisha barua hizo zifutwe.

Gmail ikiwakataa kwa 5.7.26, wekeni SPF, mstari unaotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lenu. Huandikwa pale mliposajili jina la tovuti yenu, kwa kawaida bila malipo. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na uthibitisho wa namna hii. Ili kujua kama mmeingizwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kusambaza barua taka, angalieni check.spamhaus.org. Spamhaus, inayotunza orodha hiyo, haidai pesa ili kuwaondoa. Anayewaomba pesa kwa kazi hiyo msimlipe.

Na intaneti ikikatwa siku nyingi? Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa kote nchini Kongo (RDC) kwa karibu wiki tatu. Muda huo ni mrefu kuliko uvumilivu wa foleni. Sanduku la Gmail halipotezi kitu, kwa kuwa seva zake ziko nje ya nchi na zinaendelea kupokea. Lakini seva iliyowekwa Beni au Butembo kwenyewe haifikiki, na waliowaandikia siku za kwanza hurudishiwa barua zao. Mtandao ukirudi, watumieni ujumbe mfupi washirika wenu muhimu, mwaombe watume tena barua zilizorudi. Kama kazi yenu haiwezi kungoja hivyo, kodisheni sanduku la barua kwenye seva iliyo nje. Ulizeni bei kwa kila anwani kwa mwezi, kisha muilinganishe na gharama ya kuwasha jenereta kwa ajili ya seva yenu.