SOMO: Kutembea Msituni Amani na Kulala Huko



Wengi wetu tunaoishi Tanga na Muheza tumeiona milima ya Usambara ya Mashariki tangu utoto, lakini tumeiona kwa mbali, kama mtu aijuavyo nyumba ya jirani ambayo hajawahi kuipigia hodi. Na katika wale waliofika Amani, wengi walikwenda asubuhi kwa basi la kukodi, wakapiga picha, wakala pilau, wakarudi jioni. Hiyo ni safari njema, siisemi vibaya. Lakini iko namna nyingine ya kwenda, nayo ndiyo somo letu: watu wachache, kwa miguu, pamoja na mwongozaji ambaye ni mwenyeji wa mahali, na kulala huko usiku mmoja au miwili.

Tutatazama mambo matano: mahali penyewe, uchache wa watu, sababu ya kulala, nani anafaidika, na maandalizi. Mwishoni yako maswali ya kujadiliana katika vikundi.

1. Mahali penyewe

Usambara ni sehemu ya safu ya milima ya kale sana iitwayo Tao la Mashariki. Safu hiyo huanzia vilima vya Taita, nchini Kenya, ikashuka mpaka Udzungwa kwetu Tanzania. Upepo utokao Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Ukifika milimani hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, na ukipoa huangusha mvua. Ndiyo maana huku chini twaweza kulalamika jua kali siku ambayo Amani, penye kimo cha meta 900 hivi, watu wamevaa masweta.

Mvua hiyo haiteremki yote kwa mara moja. Majani ya miti huipokea, mboji huinywa, na ardhi huitoa kidogo kidogo katika vijito. Vijito hukutana na kuwa mto Zigi, na Zigi ndio unaolijaza bwawa la Mabayani, linaloupatia mji wa Tanga maji. Kwa hiyo mama anayefungua bomba Ngamiani au Chumbageni anachota maji ya msitu wa Amani, ajue asijue.

Mahali hapa pana historia pia. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa kilimo, wakapanda miti na mimea kutoka sehemu nyingi za dunia ili waone ipi itastawi. Walijenga na reli ndogo kutoka Tengeni mpaka Zigi. Reli haipo tena, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ingali pale Zigi, na hutumika kupokelea wageni. Waingereza walipoitawala nchi waliendeleza utafiti. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Amani walishughulikia maradhi ya muhogo, yaani batobato na michirizi ya kahawia, wakatafuta mbegu zenye kustahimili. Sisi walaji wa muhogo na kisamvu tuna deni pale.

Mwaka 1997 Serikali iliitangaza Amani kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo katika Tanzania. Ukubwa wake ni hekta 8,380 hivi.

2. Kwa nini watu wawe wachache

Njia za msituni ni nyembamba, watu huenda mmoja nyuma ya mwingine. Tufanye hesabu rahisi. Watu 20 wakiachana meta mbili mbili, wa mwisho yuko meta 38 nyuma ya wa kwanza. Mwongozaji akisimama kuonyesha kinyonga, wa mbele humwona na kusikia habari zake. Wa katikati husikia nusu. Wa mwisho hufika kinyonga amekwisha kujificha na maelezo yamekwisha, akabaki kuuliza, "Mlikuwa mnatazama nini?" Lakini watu wakiwa sita au wanane, wote hukusanyika kwenye mti mmoja, na hata mwenye haya hupata nafasi ya kuuliza swali.

Tena, watu wachache huwa na kelele chache. Mbega na kima hawangoji msafara unaoimba. Ndege ndio kabisa. Mwingereza Reginald Moreau, aliyefika Amani mwaka 1928 na kuwa mtaalamu mashuhuri wa ndege, aliwaajiri Waafrika wakae kimya karibu na viota na kuandika kila mara ndege alipoleta chakula. Elimu ile ilipatikana kwa kukaa na kutazama.

Hapa niseme juu ya mwongozaji. Wako watu wanaodhani kazi yake ni kuonyesha njia tu, wasipotee. Njia ni sehemu ndogo ya kazi yake. Mtu mgeni akiutazama msitu wa Amani huona ukijani mmoja. Mwongozaji humwambia, "Huu ni msambu, mbegu zake hukamuliwa mafuta. Na ule pale, ingawa ni mrefu na unapendeza, si wa huku." Ule ni mesopsi, mti ulioletwa mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu, nao umeenea ukachukua nafasi za miti ya asili. Basi si kila kilicho kijani ni afya ya msitu. Jambo hilo hulioni peke yako.

Kando ya miamba yenye unyevu, mwongozaji ataweza kukuonyesha pia ua dogo la zambarau. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao. Leo jamaa za ua hilo huoteshwa katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na mamilioni wanaolimwagilia hawajui kwamba kwao ni Usambara. Huenda hata wewe msomaji hukujua.

3. Kwa nini kulala

Msitu una saa zake, na saa hizo si zile za basi la kukodi. Tukifika saa tano ya mchana na kuondoka saa tisa, tumefika wakati wanyama wengi wamepumzika.

Jua likishatua, mwongozaji huchukua tochi na kuwapeleka wageni kwenye njia fupi. Mchana kinyonga ni vigumu kumwona kwa kuwa hufanana na majani. Usiku hulala kwenye ncha za vijiti na rangi yake hupauka, hata mwanga wa tochi humtoa waziwazi. Yuko mmoja ambaye dume lake lina pembe tatu usoni, na jina lake la kitaalamu limetokana na Derema, mahali palepale Usambara ya Mashariki. Wengi wetu tulilelewa tukimwogopa kinyonga. Ni vema watoto wetu wamtazame kwa utulivu, karibu, bila kumpiga kwa fimbo. Na alfajiri, kabla ya chai, mbega hunguruma kutoka mti hata mti, na ndege huanza. Asiyelala huko hayasikii hayo.

Iko na sababu ya pili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake kukaa humtoa mtu katika ugeni. Ukilala mahali unakula chakula cha mahali: magimbi, ndizi, maharage, chai yenye iliki iliyochumwa karibu. Unaogea maji ya ndoo yaliyochemshwa kwa kuni, nawe unajiuliza kuni zimetoka wapi. Jioni wenyeji hukaa na kuzungumza. Mwamkie mzee shikamoo, mwulize msitu ulikuwaje alipokuwa kijana, kisha nyamaza umsikilize. Mengi ya sehemu inayofuata hayakuandikwa kwenye kibao cha hifadhi, lakini watu wa pale wanayo.

4. Nani anafaidika

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu, nawaomba tusipapite haraka.

Kulinda msitu kuna gharama, na gharama hiyo haikugawanywa sawa. Kwa miaka mingi watu wa Usambara ya Mashariki walilima iliki chini ya miti mikubwa. Iliki ilisomesha watoto na kujenga nyumba za bati. Lakini kilimo chake hufyeka miche ya chini, na miti mizee ikianguka hakuna wa kurithi mahali pake. Katika miaka ya 2000 msitu wa Derema, unaoiunganisha Amani na misitu ya kaskazini, uliingizwa katika hifadhi, na wakulima zaidi ya 1,000 waliacha mashamba yao ya iliki humo. Malipo ya fidia yalichukua miaka, na wengi walilalamika kwamba hayakulingana na walichokipoteza.

Miaka hiyohiyo wanakijiji kadhaa walianza kufuga vipepeo. Viwavi wakishajifungia katika vifuko vyao, vifuko vilisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya maonyesho. Lilikuwa jambo zuri, maana mfugaji wa vipepeo anataka miti isimame. Mwaka 2016 Serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, biashara hiyo ilikwama.

Sasa, mtu aliyeacha iliki, kisha akapoteza soko la vipepeo, tukimwambia asikate mti kwa sababu ya maji yetu ya Tanga, atatujibu nini? Yeye ndiye anayelala njaa ili bomba letu litoke maji safi. Hatuna haki ya kumhubiria tukiwa tumekaa mjini.

Simaanishi kwamba matembezi yatamtajirisha mtu. Wageni ni wachache, na masika barabara huwa mbaya. Lakini tazama tofauti ya safari mbili. Wa basi la kukodi huja na pilau lao, soda zao na wapishi wao. Wakiondoka, wameacha kiingilio cha hifadhi na takataka. Wanaolala humlipa mwongozaji ujira wake, hulipa chumba, hulipa mama aliyepika, hununua iliki, mdalasini na pilipili manga kwa mkulima mwenyewe. Fedha si nyingi, lakini zimeingia mikononi mwa watu ambao msitu uko mlangoni pao. Na kijana aonaye kwamba kujua majina ya miti kunampatia chakula, huyo ana sababu ya kuitaka miti isimame.

Wengine watasema, "Kutembea msituni na kulipa ni mambo ya Wazungu." Nawajibu kwamba viingilio vya raia huwa vya chini kuliko vya wageni wa nje. Na kama wa kutoka Ulaya hupanda ndege aje aone maji yanakotoka, sisi tunaoyanywa tumezuiwa na nini? Kutoka Muheza mpaka Amani ni kilometa 35 hivi.

5. Maandalizi

(a) Ulizeni mapema bei za kiingilio, mwongozaji na vyumba. Ziko nyumba za kulala wageni Zigi na Amani. Patanisheni ujira wa mwongozaji kabla ya kuanza kutembea, wala msimpunje. Kazi yake ni kazi ya ualimu.

(b) Msizidi wanane kwa mwongozaji mmoja. Mkiwa wengi, gawanyikeni na kila kundi liwe na wake.

(c) Chukueni viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, koti la mvua, sweta, tochi, chupa ya maji na daftari dogo. Njia huteleza hata kiangazi, kwa hiyo fimbo ya kutembelea yafaa hasa kwa sisi wazee. Mwendo uwe wa yule aliye mpole kuliko wote.

(d) Msing'oe mmea wala kukamata mnyama. Msiingize mkono penye majani au mashimo, maana nyoka wenye sumu wapo.

(e) Kuleni chakula cha pale. Takataka zote za plastiki rudini nazo mjini.

(f) Msimpige mtu picha kabla ya kumwomba.

Maswali ya kujadiliana

1. Maji unayotumia nyumbani kwako yanatoka mto gani, na mto huo unaanzia wapi? Kama hujui, nani katika kikundi anajua?

2. Mkulima wa iliki aliyeacha shamba Derema akiketi katika kikundi chenu leo, mngemwambia nini? Naye angewauliza nini?

3. Taja miti mitano ya asili iliyo karibu na kanisa lenu, kwa Kiswahili au Kishambaa au Kibondei. Wazee wanaijua mingapi, na vijana wanaijua mingapi?

4. Kikundi chenu kikiweka akiba kila wiki, mtahitaji miezi mingapi kupeleka watu wanane Amani kwa usiku mmoja? Fanyeni hesabu kwa bei halisi mtakazouliza, si kwa kukisia.

Kazi ya vitendo: kila mtaa uchague watu wanane, vijana wanne na wazee wanne, wafanye safari hii kabla ya masika. Wakirudi, wawili kati yao, mmoja kijana na mmoja mzee, wasimame baada ya ibada waeleze walichokiona, na waseme pia ni nani waliyelala kwake na alisema nini juu ya msitu.