UFAHAMU: Kompyuta Ndogo Kwenye Darubini

Soma taarifa ifuatayo kisha ujibu maswali.

Mpiga picha za nyota habofyi kamera mara moja tu akaenda zake. Kitu hafifu kama wingu la gesi lililo katika kundi la Orion huhitaji picha nyingi, kila moja ikichukua dakika kadhaa, kisha zote ziunganishwe kuwa moja. Wakati huo dunia inazunguka na anga huonekana kusogea nyuzi 15 kila saa, kwa hivyo stendi yenye mota sharti iifuate nyota bila kutetereka. Kazi hiyo ya usiku kucha hukabidhiwa kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye darubini. Mwenyewe huiamuru akiwa ndani ya nyumba, kupitia simu au kipakatalishi.

Je, achague kompyuta ipi? Wengi huuliza kwanza ipi ina nguvu zaidi. Swali hilo huwapotosha. Kuunganisha na kusafisha picha hufanywa baadaye kwa mashine kubwa. Kompyuta hii huongoza mota, huiamuru kamera na kuhifadhi picha. Maswali yanayofaa ni matatu.

La kwanza ni programu. Raspberry Pi, kompyuta ya bei nafuu iliyobuniwa Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka 2012, kwa kawaida hutumia mfumo wa Linux. Programu ya KStars hufanya kazi humo, lakini NINA iliundwa kwa ajili ya Windows. Anayeitegemea NINA hana budi kununua kompyuta ndogo ya Windows.

La pili ni hifadhi. Picha moja ya kamera ya megapikseli 26 huweza kufikia megabaiti 52, na picha 120 za usiku mmoja zikazidi gigabaiti 6. Heri zihifadhiwe palepale kwenye darubini kuliko kurushwa zote kwa Wi-Fi. Mawasiliano yakikatika, mwenyewe hukosa kuona kinachoendelea, lakini kazi haisimami.

La tatu ni umeme, hasa mahali pasipo na soketi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 20 hubeba wati-saa 240, ila haifai kutumiwa kupita nusu, yaani 120. Tuseme kompyuta ya Windows inatumia wati 15. Kwa saa 8 itamaliza wati-saa 120 zote, na kamera na mota zikose. Raspberry Pi inayotumia wati 6 itakula 48 na kuacha 72. Hesabu hii ipigwe kabla ya kuuliza bei.

Maswali

(a) Kwa nini swali kuhusu nguvu ya kompyuta huwapotosha wanunuzi? (alama 2)
(b) Eleza kwa nini kazi haisimami Wi-Fi inapokatika. (alama 2)
(c) Mwanafunzi ana betri iliyotajwa. Kamera na mota zake hutumia jumla ya wati 8, na anataka kupiga picha kwa saa 8. Kati ya kompyuta mbili zilizopigiwa hesabu, ipi itamfaa? Thibitisha. (alama 3)
(d) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (i) hafifu (ii) hana budi. (alama 2)

Majibu

(a) Kazi nzito ya kuunganisha na kusafisha picha hufanywa baadaye kwa mashine nyingine. Ya kwenye darubini huongoza vifaa na kuhifadhi picha tu.
(b) Kompyuta inayoongoza vifaa na kuhifadhi picha iko kwenye darubini yenyewe. Wi-Fi humwezesha mwenyewe kutazama na kutoa amri tu.
(c) Raspberry Pi. Kamera na mota: 8 × 8 = 64. Kuongeza 48 ni wati-saa 112, chini ya 120. Kompyuta ya Windows ingefikisha 64 + 120 = 184, na betri ingefika mpaka wake baada ya saa 5 hivi, usiku ukiwa bado haujaisha.
(d) (i) chenye mwanga mdogo, kisichoonekana vizuri (ii) ni lazima.

Kwa mtahiniwa: Swali (c) halina jibu lililoandikwa katika taarifa. Ukitaja "Raspberry Pi" bila hesabu, utapata alama 1 pekee. Neno "thibitisha" hudai ushahidi. Katika (d), eleza maana inayooana na taarifa: "hafifu" hapa inahusu mwanga, si ubora wa kitu.