FUNDISHO: MAMA ANAYEKUNYWA LUTUKU, NA MTOTO WAKE

Masomo: Waamuzi 13:2-5, 1 Samweli 1:9-18



Malaika alimkataza mama yake Samsoni divai na kileo kabla mtoto hajazaliwa. Wanganga walichelewa kuelewa jambo hilo. Mwaka 1968, kule Nantes katika Ufaransa, munganga Paul Lemoine aliandika juu ya watoto 127 wa wazazi walevi: wengi walikuwa wadogo wa mwili, wenye nyuso za kufanana, na wazito kujifunza. Pombe hupita katika damu ya mama mpaka kwa mtoto tumboni, ikiwa ni bia ao lutuku. Mama akiacha, hata katika mwezi wa saba, mtoto anapata faida.

Lakini tuangalie Eli. Alimwona Hana akitikisa midomo, akamwita mlevi. Kisha alimsikiliza, akamwaga kwa amani. Sisi tulikosa kuliko Eli. Hapa Lubumbashi mama mmoja mwenye mimba alikuwa akipika lutuku ya kuuza, apate minervali ya watoto. Alianza kwa kuionja. Tulisoma jina lake mbele ya kusanyiko. Akaacha kanisa, akaacha na kupima mimba. Mtoto alizaliwa nyumbani, mdogo sana. Tunaandika hili kwa haya.

Tena kuna kosa lingine: kumfungia mlevi katika chumba cha maombi na kumfungisha. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukiikosa kwa ghafula, hutetemeka. Ndani ya siku mbili degedege linaweza kumshika, hata kumwua pamoja na mimba. Asiache peke yake. Tumpeleke kwa munganga, na maombi tuyafanye njiani.

Kwa anayenyonyesha: pombe huingia katika maziwa, na kukamua hakuiondoi. Muda ndio unaoiondoa, karibu saa mbili kwa glasi moja ndogo ya bia. Lutuku haina kipimo, basi angoje zaidi sana. Siku hiyo mtoto alale mahali pake, si kitandani na mama, kwani aliyelewa hasikii akimlalia. Na asipewe lutuku kwa ajili ya meno, hata tone.

Mama yule amerudi, mtoto ananyonya. Wamama wawili wanamsindikiza siku ya kupima kilo. Lakini minervali bado inamngoja, na pipa la lutuku liko kwa jirani. Tumeanza kumtafutia makala ya kuuza. Tunayo mifuko miwili. Mwenye wa tatu aulete kwa shemasi wa zamu kabla ya siku ya Mungu.