Kulizunguka Bwawa la Ndakaini kwa Miguu

Wanafunzi wengi hujifunza habari za mabwawa kwa kukariri: bwawa fulani, mto fulani, kazi yake fulani, na baada ya mtihani yote husahauliwa. Katika makala haya nataka kuonyesha jinsi bwawa linavyoweza kusomwa kwa miguu. Mfano wangu ni matembezi ya Chama chetu cha Matembezi muhula huu, tulipokwenda Ndakaini, huko Gatanga katika Kaunti ya Murang'a. Njia yenyewe si ngumu. Hata wale wasiopenda michezo walifika, ingawa wawili walinung'unika mpaka walipopewa chai.

Kwanza yafaa kupajua mahali. Bwawa la Ndakaini, ambalo wengine huliita Bwawa la Thika, lilimalizwa mwaka 1994. Liko chini ya milima ya Nyandarua, kiasi cha mita 2,040 juu ya usawa wa bahari, nalo hupokea maji ya mito ya Thika, Githika na Kayuyu. Likijaa hushika mita za ujazo milioni 70. Hesabu kama hiyo haimwambii mtu kitu mpaka aigeuze kuwa jambo alijualo, basi na tuigeuze. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Kwa hiyo bwawa likijaa ni mitungi milioni 3,500. Sehemu kubwa ya maji yanayotoka katika mifereji ya Nairobi huanzia hapa.

Wengi waliniuliza pampu iko wapi. Kutoka bwawani mpaka jijini maji huteremka yenyewe, maana Nairobi iko chini zaidi, karibu mita 1,700. Hupita katika handaki lililotobolewa chini ya vilima, yakafika Ngethu yanakosafishwa, kisha yakashuka kwa mabomba. Mvuto wa dunia hauombi mshahara.

Tulianzia ukutani. Vijana walitazamia ukuta wa saruji kama ule wa picha vitabuni, wakakuta kilima chenye nyasi. Ndio ukuta wenyewe: udongo na mawe yaliyoshindiliwa, kwenda juu mita 65. Hapo nikawauliza kwa nini ni mpana mno chini na mwembamba juu. Mmoja akajibu kwamba ni kwa sababu ziwa ni kubwa. Sivyo. Msukumo wa maji hautegemei ukubwa wa ziwa, bali kina chake. Kwenda chini mita 10, kila mita ya mraba ya ukuta husukumwa kwa nguvu ya tani 10. Mita 60, tani 60. Hata kama ziwa lingeenea mpaka Mombasa, ukuta usingejua tofauti.

Angalieni pia nyasi. Ukuta wa udongo hauachiwi kuota miti, kwani mizizi ikioza huacha vijitundu, na maji yakipata kijitundu hukipanua. Wala maji hayaruhusiwi kupita juu ya ukuta wa namna hii, kwa kuwa yangeuchimba na kuuchukua. Ndiyo maana hutengenezwa njia ya pembeni ya kumwagia yaliyozidi.

Kutoka hapo tulishika njia ya ukingoni, mashamba ya chai upande mmoja na maji upande wa pili. Chai iliyotunzwa vizuri hufunika ardhi kama blanketi, hata tone la mvua haliupati udongo uchi. Lakini palipo na njia ya miguu inayoshuka moja kwa moja kuelekea majini, tuliona mifereji midogo mekundu iliyochimbwa na mvua. Tulichota maji katika vijito viwili, kimoja kitokacho msituni na kimoja kipitacho katikati ya mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni, tukaziacha chupa zitulie wakati tunakula. Chupa ya kwanza ilibaki na utando tu chini. Ya pili ilikuwa na tope la upana wa kidole.

Tope hilo ndilo adui. Likiingia bwawani hutua, na kila ndoo ya tope hunyang'anya nafasi ya ndoo ya maji. Kulichota ni kazi ya gharama kubwa. Kulizuia juu ya kilima kwa matuta, nyasi za nepia na miti ya kienyeji ni rahisi zaidi. Mikaratusi siisifu kando ya kijito, kwani hunywa kama mlevi. Ukame ukija, nafasi iliyopotea huonekana upesi. Mwaka 2017 maji ya bwawa yalipungua sana, na Nairobi ikagawiwa maji kwa zamu tangu Januari.

Mbele kidogo tulimkuta nyanya mmoja akipanda kilima na mtungi mgongoni. Tulimwamkia, "Shikamoo, nyanya," akaitika, "Marahaba, wajukuu wangu." Msichana mmoja akaupokea mtungi. Nyanya akatuonyesha kwa kidole katikati ya ziwa. "Shamba la mume wangu lilikuwa pale. Tulivuna viazi pale." Kijana mmoja akamwuliza kama ana mfereji nyumbani. Akacheka, akasema maji anayaona kila siku, ila kuyaona si kuyafungulia. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika mlangoni kwake. Bwawa huhesabiwa kwa mita za ujazo, lakini lazima kuwe na hesabu ya pili: nani alihama, na nani hunywa.

Tangu mwaka 2004 kumefanywa hapa mbio za kilomita 21 ili kuwahimiza watu kuyatunza mazingira ya bwawa. Sisi hatukukimbia.

Watakaokwenda muhula ujao wachukue sweta, maana ukungu wa huko ni baridi, na viatu visivyoteleza. Kuogelea ni marufuku. Kila kundi lichukue chupa nne safi za ukubwa mmoja, liandike jina la kijito na saa ya kuchota, na lipime tope kwa rula baada ya saa moja. Chupa zetu mbili ziko juu ya kabati la chumba cha Jiografia, tafadhali zisitikiswe.