Babu Akifa, Serikali Itakata Shamba?

Muhula uliopita nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kutwa. Somo lilikuwa Historia na Serikali, Kidato cha Nne, mada ya mapato na matumizi ya serikali. Niliandika ubaoni ushuru wa mapato, VAT na ushuru wa forodha, kisha nikataja kwa kupita tu kwamba ziko nchi zinazotoza hata urithi. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono: "Mwalimu, kwa hivyo babu akifa serikali itakata shamba letu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutalirudia swali hilo wiki ijayo. Makomredi wa Elimu, mnaijua hiyo kauli ya mwalimu aliyekwama! Usiku huo nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyomrudishia, pamoja na mengine ambayo kipindi cha dakika 40 hakikuyatosha.

Ushuru huu ni upi?

Ushuru wa urithi hutozwa mali inapotoka kwa marehemu kwenda kwa warithi. Jambo la kushika kwanza ni kiwango cha msamaha, yaani kiasi ambacho chini yake hulipi hata senti. Uingereza, kiwango cha kawaida ni pauni 325,000, na kinachozidi hapo hutozwa asilimia 40. Marekani, ushuru wa shirikisho ulianza 1916. Mwaka 2025 mtu aliweza kuacha dola milioni 13.99 bila kuguswa, na ziada ndiyo iliyofika asilimia 40. Hata Kenya tulikuwa nao tangu enzi za mkoloni, tukaufuta mwaka 1982.

Tupige hesabu

Tuseme, kwa mfano tu, Kenya iurudishe kwa msamaha wa shilingi milioni 100 na asilimia 40 kwa ziada. Babu wa yule msichana ana shamba la milioni 2. Ushuru wake ni sufuri. Mwingine ameacha milioni 150. Ziada ni milioni 50, ushuru ni milioni 20, na watoto wanabaki na milioni 130. Wa tatu ameacha bilioni 5. Ushuru ni bilioni 1.96, inabaki bilioni 3.04. Akiwa na watoto wanne, kila mmoja anaondoka na milioni 760. Mwalimu wa mshahara wa shilingi 50,000 kwa mwezi angehitaji zaidi ya miaka 1,260 kuzipata, tena asile wala asipande matatu.

Sasa mtazame huyo mwalimu. Mshahara wake unaozidi shilingi 32,333 kwa mwezi unakatwa asilimia 30 kabla hajaushika. Yeye amefanya kazi. Mrithi wa bilioni hakufanya chochote ila kuzaliwa, na halipi ushuru wa urithi hata shilingi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila naona wengine wanaletewa kitandani.

Wanaopinga wanasemaje?

Niliwasikiliza, maana wengine ni wenzangu tunaolala nao chumba kimoja.

Hoja ya kwanza: mali hiyo ilishatozwa ushuru marehemu akiwa hai. Si kweli daima. Kenya ilisimamisha ushuru wa faida ya mtaji mwaka 1985, ukarudi Januari 2015. Kwa karibu miaka 30 mtu aliweza kuuza ardhi iliyopanda bei mara kumi na faida hiyo isiguswe na ushuru huo. Na aliyekaa na ardhi bila kuiuza, ongezeko la thamani yake halijatozwa.

Ya pili: tajiri atahamisha mali. Hii ina uzito. Uswidi iliufuta ushuru wa urithi mwishoni mwa 2004, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba matajiri wanaukwepa huku watu wa kati wakiulipa. Kwangu hilo ni funzo la kuandika sheria vizuri: msamaha uwe wa juu, na mianya iwe michache. Isitoshe, ghorofa la mjini au maelfu ya ekari hayapandi ndege.

Ya tatu: warithi watalazimika kuuza shamba au kampuni. Novemba 2024 wakulima wa Uingereza waliandamana London kwa hofu hiyo hiyo, kwa sababu mkulima anaweza kuwa na ardhi ya thamani kubwa na mfuko mtupu. Dawa mojawapo ni kulipa kwa awamu. Lee Kun-hee wa Samsung alipofariki Oktoba 2020, familia yake ilitangaza kulipa zaidi ya won trilioni 12 kwa miaka mitano. Korea Kusini hutoza hadi asilimia 50, na Samsung bado ipo.

Ya nne ndiyo ngumu: mbona tuipe pesa zaidi serikali inayozifuja? Sina jibu tamu. Ila hoja hiyo inapinga kila ushuru, na mbona huwa haiokoi maskini? Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Ilibidi kelele zipigwe ndipo pendekezo hilo liondolewe, na baadaye mswada wote ukarudishwa. Wizi lazima tuupige vita, lakini mpaka siku tutakayoumaliza, pengo la bajeti litajazwa na mtu. Swali ni kama atakuwa mla mkate au mrithi wa bilioni.

Msimamo wangu

Naunga mkono mali kubwa mno kutozwa sana, kwa masharti matatu: msamaha wa juu unaomlinda mwenye shamba na nyumba ya kawaida, malipo kwa awamu, na hesabu zitangazwe hadharani.

Wiki iliyofuata nilimwambia yule msichana, "Hapana, shamba la babu halingeguswa." Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Na wale wenye mashamba makubwa, sasa hivi wanalipa ngapi?" Nikaandika sufuri ubaoni. Darasa likanyamaza, kengele ikalia.